TV ya sebuleni na watoto: mwongozo wa nyumba yenye rimoti moja

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano alipomnyooshea bibi yake kidole na kumwambia, "Utajuta kunifahamu." Kisa chenyewe maandazi. Dada yake kapewa mawili, yeye moja. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Mimi sikucheka, maana sentensi ile niliijua ilikotoka: tamthilia ya Kituruki ya saa moja usiku, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili, na aliyeisema ni yule tajiri aliyekuwa anamfukuza mkwewe nyumbani. Mtoto alikuwa ameichukua yote, mpaka na kidole.

Siku zote nilijihesabu kuwa mzazi anayejali. Katuni zilikuwa na muda wake, na kazi za shule zilitangulia. Kumbe kanuni zangu zote zilihusu vipindi vya watoto, wakati TV inawaka kutwa kwa ajili ya wakubwa na watoto wamekaa palepale kwenye mkeka.

Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya nyumbani kwetu Tabata, nyumba ya vyumba vitatu, watu saba, TV moja: mimi, mume wangu, mama mkwe, dada anayetusaidia kazi, na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka kumi, wa pili mitano, mdogo miwili. Ilituchukua kama miezi miwili mambo kukaa sawa, kwa hiyo usitegemee kumaliza wikiendi hii.

Hatua ya 1: Wiki moja ya daftari

Usizime kitu na usimkemee mtu. Nunua daftari, lifunge kamba, litundike karibu na TV pamoja na kalamu. Kila anayewasha, kuzima au kubadili chaneli anaandika saa, kipindi, na watoto gani wapo sebuleni. Dada wa kazi ndiye atakayeandika zaidi kwa sababu ndiye anayeshinda nyumbani, na hapo nilikosea mwanzoni. Nilimpa daftari bila kumweleza. Akadhani namchunguza, akawa haandiki chochote kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Siku ya tatu nikakaa naye jikoni nikamwambia wazi: "Dada, hili si la kukukamata wewe. Hata mimi nimeandikwa humo." Akafungua ukurasa wangu akausoma, akatabasamu, na kuanzia hapo daftari likawa la kweli.

Jumanne moja ilisomeka hivi:

Saa 12:10 asubuhi, imewashwa, magazeti, baba anavaa.
Saa 2:00, haijazimwa, muziki, dada anafua, mdogo yupo.
Saa 4:00, mdogo kalala, TV inawaka.
Saa 6:40 mchana, katuni, mdogo anakula.
Saa 8:30, katuni, wa pili na mdogo.
Saa 10:00, wako nje wote, TV inawaka, hakuna mtu.
Saa 1:00 usiku, tamthilia, wote.
Saa 2:00, habari, wote.
Saa 3:15, imezimwa. Mdogo kalala kwenye kochi.

Piga hesabu. Katuni, ambazo ndizo nilizokuwa nagombana nazo, hazifiki masaa matatu na nusu. Lakini mdogo, mtoto wa miaka miwili, alikaa masaa manne na robo mengine mbele ya muziki wa wakubwa, tamthilia na taarifa ya habari. Na TV yenyewe iliwaka masaa kumi na tano.

Hiyo TV inayowaka bila mtazamaji ndiyo watu wengi hawaihesabu. Watafiti waliowachunguza watoto wadogo wakicheza chumba kimoja na TV iliyowashwa waliona mambo mawili: mtoto hukatishwa mchezo kila mara na sauti au mwanga, na mzazi aliye karibu huzungumza naye maneno machache zaidi. Hilo la pili ndilo lililonigusa. Mtoto wa miaka miwili anajifunza kusema kwa kusemeshwa, na mimi nilikuwa namsemesha huku jicho moja liko kwenye skrini.

Neno moja kuhusu umeme: usitumie LUKU kama hoja yako. TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, yaani masaa ishirini ndiyo inamaliza uniti moja. Mtoto wa darasa la tano atakupigia hiyo hesabu na utaaibika. Pasi na birika ndivyo vinavyomaliza LUKU.

Hatua ya 2: Kikao cha wakubwa, watoto wakiwa wamelala

Hapa ndipo penye kazi. Ukiweza hapa, mengine yote ni ya kawaida. Usipoweza, hata king'amuzi ukikifunga kwa minyororo utakuwa unawafungia watoto kitu ambacho bibi anakifungua.

Mkwe haambiwi aache kuangalia TV. Anaombwa msaada, na ombi liwe la kweli. Nilimfuata chumbani kwake baada ya kula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Mama, nina jambo la wajukuu zako, nimekwama."

Nikamweleza daftari lilivyosema. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaharibu?"

"Hapana mama. Ila huyu wa pili anakusikiliza wewe kuliko mimi. Ukimwambia wewe kwamba tamthilia si ya watoto, ataelewa. Nikimwambia mimi, anaona namnyima."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua: tamthilia ina marudio kesho yake saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule na mdogo kalala. "Lakini ya asubuhi hainogi," akasema. "Jioni tunaangalia pamoja na mama wa nyumba ya pili, tukimaliza tunapigiana simu." Basi tukapatana. Jumatatu mpaka Alhamisi anaangalia marudio, na yule mwenzake naye akashawishiwa kuhamia asubuhi. Ijumaa anaangalia ya usiku yenyewe, kwa raha zake, watoto wakiwa chumbani. Nyumbani kwako mapatano yatakuwa mengine. Muhimu ni kujua mtu mzima anapata nini kwenye kile kipindi kabla hujamwomba akiache. Kwa mama mkwe hakikuwa kile kipindi peke yake, ilikuwa ile simu ya baadaye.

Kwa dada wa kazi hesabu ni tofauti. Kwake TV ni mikono miwili ya ziada. Anapokaanga samaki, mtoto wa miaka miwili aliyekaa mbele ya katuni hayuko karibu na jiko, na mimi naona hilo ni jema kabisa. Ukimwondolea TV bila kumpa kingine, umemwongezea kazi bila kumwongezea mshahara. Tulimwachia nusu saa ya katuni ya mchana, wakati wa kupika, pamoja na beseni la vikombe vya plastiki na vifuniko ambalo mdogo anacheza nalo mlangoni pa jikoni siku nyingine. Mdogo akilala, TV ni ya dada, aangalie atakacho, sauti iwe chini.

Mume wangu alitaka mambo mawili tu: taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mpira. Habari haikuwa tatizo, utaona chini. Mpira tuliandika hivi: mechi za Ulaya za usiku anaangalia peke yake, na siku ya Simba na Yanga kanuni zote zinalala, kila mtu sebuleni, mpaka jirani. Nyumba lazima iwe na siku kama hiyo.

Hatua ya 3: Hesabu ianzie kwenye basi la shule

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza, "Mtoto aangalie masaa mangapi?" Mimi nashauri uanze na saa anayoamka, urudi nyuma.

Wa kwanza wangu basi la shule linampitia kabla hakujapambazuka, kwa hiyo anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na miwili anahitaji usingizi wa masaa tisa mpaka kumi na mawili. Rudi nyuma masaa tisa, yale machache kabisa: saa mbili usiku awe amelala. Wa pili anaamka saa kumi na mbili, naye kwa umri wake anahitaji kuanzia masaa kumi. Rudi nyuma: saa mbili vilevile. Madaktari wa watoto wanashauri skrini zizimwe kama saa nzima kabla ya kulala, maana mwanga wake na yaliyomo huchelewesha usingizi. Tumefika saa moja usiku, na hatujagusa bado swali la masaa mangapi.

Umeona sasa kwa nini habari ya saa mbili ikaacha kuwa tatizo. Watoto wapo kitandani.

Kuhusu kiasi chenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja, hapana kabisa; mwaka mmoja, bado haishauriwi; miaka miwili mpaka minne, isizidi saa nzima kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu ya video na shangazi aliye Muscat madaktari wa watoto wa Marekani hawaihesabu, hata kwa mtoto mchanga, kwa sababu shangazi anamjibu. Kwa watoto wa shule hakuna namba moja wanayokubaliana wote; wanachosema ni kwamba TV isile usingizi, michezo, masomo wala mazungumzo ya nyumbani. Sisi tulikata hivi: mdogo nusu saa ile ya mchana basi, kaka na dada zake dakika arobaini na tano siku za shule, Jumamosi na Jumapili masaa mawili.

Na hizo dakika arobaini na tano mwisho wake ni adhana ya magharibi. Hapa Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasoro, kutegemea mwezi, kwa hiyo adhana inatusogezea muda kidogo kidogo mwaka mzima na hakuna wa kulalamikiwa. Mwadhini ndiye anayezima TV yetu. Mimi nimetoka kwenye huo ugomvi. Kama nyumbani kwenu hamsali magharibi, tafuta alama yoyote ya nje isiyo mdomo wako: taa za barabarani kuwaka, kuku kuingia bandani, baba kupiga honi getini. Mtoto anabishana na mama. Na kuku habishani.

Hatua ya 4: Mahali pa TV

Chumbani kwa watoto isiwepo. Hapo sina maelezo marefu. TV ya chumbani hujui inaangaliwa nini wala mpaka saa ngapi.

Sebuleni, ifunge ukutani kwa breketi, au kama iko mezani ifunge kwa mkanda nyuma. Hizi TV bapa ni nyepesi, zinasimama kwenye vimiguu viwili, na mtoto wa miaka miwili anayepanda meza ya TV kufuata katuni anaivuta yote ikamwangukia usoni. Usiweke rimoti, chaja wala mwanasesere juu yake, maana ndivyo anavyovifuata.

Kuhusu macho: sisi tulikuzwa tukiambiwa ukikaa karibu na TV utapofuka. Siyo hivyo. Lakini mtoto anayesogea karibu kila mara, au anayekunja macho kuangalia, huenda haoni vizuri mbali, na hilo si la kukemea, ni la kumpeleka akapimwe. Wa kwanza wangu tuligundua hivyo kwamba anahitaji miwani. Tulikuwa tumemfokea mwaka mzima, "Rudi nyuma!" Na kama unataka kumsaidia macho yake, mtoe nje mchana, watoto wanaopata muda mwingi wa kuwa nje kwenye mwanga wa jua huwa na nafuu ya kutopata tatizo la kutoona mbali.

Wakati wa kula, TV imezimwa. Mtoto anayekula huku anaangalia hajui ameshiba saa ngapi, na kuna anayekataa kabisa kufungua mdomo bila katuni. Ukishafika huko ni kazi kumrudisha, lakini anarudi. Wetu alikula vibaya siku nne, ya tano akaomba wali.

Hatua ya 5: Chagueni kipindi, msichague chaneli

Mtoto akiambiwa "angalia chaneli ya katuni", hana mwisho. Katuni hiyo ikiisha inakuja nyingine, na katikati matangazo ya soda. Akiambiwa "chagua kipindi kimoja", kina mwanzo na mwisho. Ijumaa jioni tunakaa na karatasi, kila mtoto anataja anavyotaka vya wiki, mimi naviangalia kwanza, tunaandika. Ugomvi wa nani ashike rimoti ulipungua sana kwa karatasi hiyo kuliko kwa makofi ya zamani.

Vya Kiswahili vizuri vipo. Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na iliyoanza kurushwa mwaka 2014, ni ya hesabu na sayansi kwa watoto wa shule ya msingi, na wenyewe wana Akili and Me kwa wadogo wa umri wa awali. Mwanangu wa pili alijifunza kuhesabu kwa nyimbo zao. Lakini nilikaa naye, tukahesabu vitunguu baadaye. Mtoto mdogo sana akiachwa peke yake na skrini anajifunza kidogo kuliko angefundishwa na mtu aliye mbele yake.

Nalisema hili hasa kwa wale wenzangu wanaosema, "Mwache aangalie katuni za Kiingereza, anajifunza lugha." Nimekaa na mtoto wa rafiki yangu anayeweza kukariri katuni nzima kwa lafudhi ya Marekani, lakini ukimuuliza jina lake kwa Kiingereza anakuangalia. Lugha inataka mtu wa kukujibu.

Kwenye vituo vya nje, hasa vya Afrika Kusini, angalia alama pembeni ya skrini kipindi kinapoanza: PG maana yake mzazi awepo, kisha 13, 16 na 18, na herufi zinazofuata zinakwambia sababu. V ni ukatili, L ni lugha chafu, S ni ngono, N ni utupu. Mtoto wa miaka kumi akizijua atakusaidia mwenyewe. Wangu huwa anasema, "Mama, hii ina V," halafu ananitazama kuona nitafanyaje.

Matangazo nayo uyazungumzie. Mtoto wa chini ya miaka saba au minane bado hatambui kwamba tangazo linataka kumuuzia kitu. Kwake ni kipindi kifupi chenye watu wenye furaha. Sisi tunacheza mchezo: tangazo likianza, wa kwanza kusema wanauza nini anashinda.

Hatua ya 6: Kufunga king'amuzi, YouTube na flashi

King'amuzi. Karibu vyote vina sehemu ya wazazi. Bonyeza menyu, ingia kwenye mipangilio, tafuta neno Parental. Utaombwa namba ya siri, na vingi hutoka kiwandani na namba rahisi kama 0000 au 1234. Badilisha hapohapo, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mkubwa, atakuwa wa kwanza kuujaribu. Kisha chagua umri wa juu unaoruhusu, au funga chaneli moja moja. Mwambie bibi namba.

YouTube. Hii ndiyo ngumu kuliko king'amuzi, kwa sababu haina ratiba. Fanya mambo matatu. Kwanza, ndani ya mipangilio zima kujicheza kwa video inayofuata. Utaona neno Autoplay. Hiyo peke yake inampa mtoto mwisho wa video. Pili, washa Restricted Mode. Inapunguza vichafu lakini haiondoi vyote, usiilalie usingizi. Tatu, mtoto asitumie akaunti yako: inampendekezea kutokana na ulichoangalia wewe, na wewe itakuletea watoto wanaofungua midoli mpaka uchoke. Ukiweka YouTube Kids unaweza kuchagua umri, kuzima sehemu ya kutafuta, kuruhusu video ulizozikubali wewe tu, na kuweka saa ya kujifunga. Bando likiisha, kumbuka, nalo ni kufuli. Kuna wiki sijaweka bando kwa makusudi na sikuona sababu ya kueleza.

Flashi. Huku mtaani mtu anapeleka flashi kibandani anajaziwa muvi zilizotafsiriwa. Muvi hizo hazina alama ya umri, na mtafsiri huongeza maneno yake mwenyewe, mengine mazito kuliko ya muvi. Flashi ya wakubwa inakaa kwenye droo ya wakubwa. Ya watoto ni nyingine, tumeipaka rangi ya kucha nyekundu.

Hatua ya 7: Kuzima bila vita

Kila kilio cha TV nyumbani kwetu kilitokea dakika ile ya kuzima, hakuna kilichotokea wakati wa kuangalia. Basi tukashughulikia dakika ile.

Usizime katikati ya kipindi. Wewe mwenyewe umeme ukikatika dakika ya themanini na tisa unajua unavyojisikia. Onya mara moja, mwisho wa kipindi ukikaribia, na umwambie kinachofuata: "Kikiisha hiki, unakuja kunisaidia kukuna nazi." Usimwambie "zima", kisha ukanyamaza. Azime yeye mwenyewe. Mpe rimoti mkononi. Nilidharau hili, mpaka nilipomwona wa pili amesimama mbele ya TV, nyimbo ya mwisho inaisha, adhana inaanza msikitini, ameshika rimoti kwa mikono miwili kama askari anayeshusha bendera. Akabonyeza. Akageuka akasema, "Nimezima mimi."

Adhana ikikuta kipindi kimebaki dakika tano, tunashusha sauti, adhana ikiisha tunamalizia. Ikiwa kimebaki zaidi, kinabaki kesho. Siku tatu za kwanza patakuwa na kilio. Usirudishe TV kwa sababu ya kilio, hata siku moja, hata mbele ya wageni, maana hiyo siku moja ndiyo atakayoikumbuka.

Na kiwepo kitu baada ya TV. Kwetu ni kuoga, kula, halafu bibi anasimulia hadithi. Alianza kwa kusitasita, eti amesahau. "Paukwa," akasema siku ya kwanza, na wale hawakujua wajibu nini. Sasa "Pakawa" yao inasikika mpaka barabarani.

Mambo yatakayokusumbua njiani

Watoto wa jirani watakuja kuangalia kwako. Usiwafukuze, kanuni ni za sebule, si za damu: awepo nani asiwepo nani, adhana ikilia inazimwa. Wasikie wote kwa pamoja mara ya kwanza, wasiambiwe kupitia mwanao.

Mvulana wa miaka kumi na kwenda juu ukimbana mno nyumbani anahamia kibanda umiza, na huko hakuna anayeuliza umri. Mpe nafasi ya kuchagua vyake na ukae naye, hata kama ni miereka. Mwambie jinsi wale watu wanavyofanya mazoezi ya kuanguka, halafu mkumbushe kwamba mdogo wake hajayafanya.

Akiona kisichofaa, usimpige na usizime kwa kishindo kana kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza. Zima taratibu, muulize ameona nini, jibu kile alichouliza tu. Na picha za ajali kwenye habari ziwe mbali na wadogo: mtoto wa miaka mitano akionyeshwa basi lilelile limepinduka mara nne, kwake yamepinduka mabasi manne, na kesho yake anagoma kupanda la shule.

Likizo za Juni na Desemba zitavuruga kila kitu. Ongezeni muda, lakini saa ya kulala isipite saa tatu, vinginevyo wiki ya kwanza ya shule utaamsha magunia. Mtoto akiumwa, aangalie tu. Akipona, mrudishe siku hiyohiyo.

Baada ya miezi miwili rudisha daftari ukutani kwa wiki moja. Letu la pili lilionyesha TV imewaka masaa sita. Mama mkwe ndiye aliyeandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Ijumaa iliyopita saa moja na robo usiku alikuwa kwenye kochi lake, simu pembeni, tamthilia imepamba moto. Mlango wa chumba cha watoto ukafunguka kidogo.

"Bibi, yule tajiri ameshakufa?"

"Bado. Lala."